Nilimwacha Mama Chini ya Mlima wa Michoro

Nimekosa, jamani, na hakuna wa kumsingizia. Jina langu nalificha kwa sababu hapa Mikumi tunajuana, na cherehani yangu iko barazani, kila apitaye ananiona.

Mama yangu ni mtoto wa vibarua wa mkonge, Kilosa. Shule aliishia darasa la nne. Lakini kuna somo moja halikumtoka kichwani: siku mwalimu alipowachorea ubaoni ile michoro ya kale ya kwenye miamba ya Kolo, kule Kondoa. Watu wembamba kama mabua, na wanyama. Maisha yake yote alitaka kuiona kwa macho yake.

Mwaka juzi kikundi chetu cha akina mama tulikodi Kosta kwenda huko. Tukampitia Mama kule Kilosa alfajiri. Kumbe yuko tayari barabarani, kajifunga kanga, miguuni raba mpya nyeupe!

"Za kupandia mlima," akasema.

Wenzangu wakacheka. Nami nikaona aibu. Aibu ya mama mzazi! Mungu anisamehe.

Tulilala Kondoa, asubuhi tukafika Kolo. Kijana wa kutembeza wageni akamsalimia Mama, "Shikamoo, bibi." Kisha akanivuta pembeni: "Dada, bibi anaweza kabisa. Tutapanda polepole, mimi nitamshika mkono."

Polepole! Wenzangu walikuwa wameshaanza kupanda, simu mkononi. Nikaona nitabaki nyuma na kikongwe, nikose picha zote.

Nikamwendea Mama. "Mama, wanasema wazee hawaruhusiwi. Ni sheria yao."

"Sheria?"

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama kidogo. "Haya, nendeni. Mtanisimulia."

Akakaa juu ya jiwe. Nikapanda mbio kama mbuzi.

Juu kule sikuangalia chochote, ndugu zangu. Nilijipiga picha tu. Niliposhuka Mama akauliza, "Ikoje?" Nikamjibu, "Ya kawaida tu, Mama. Imefifia." Njiani kurudi, pale Dumila, nilimnunulia hindi la kuchoma, akalishika tu mpaka likapoa.

Mwaka haukuisha macho yakaanza kumsumbua. Presha ya macho, daktari alisema, na tumechelewa. Sasa Mama haoni kabisa. Ninaishi naye hapa Mikumi, namshika mkono hata kwenda chooni.

Basi jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, wale watu wa kwenye mwamba, walikuwa wanafanya nini?"

Sikujua! Nikafungua simu nitafute. Picha arobaini na kitu, na kila moja ni uso wangu. Mwamba uko nyuma ya kichwa changu. Nikaanza kutunga: wanacheza ngoma, wanawinda. Akawa anatikisa kichwa taratibu. Akawa anauliza kila wiki, nami kila wiki natunga mengine.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikapiga magoti nikamwambia yote.

"Nilijua," akasema. "Yule kijana alinipita pale kwenye jiwe, akaniambia, 'Bibi, ukibadili mawazo niite nikushike mkono.'"

"Mama! Mbona hukumwita?"

"Ningekuaibisha mbele ya wenzako."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia nitampeleka tena, mimi na yeye tu, hata kesho.

"Kufanya nini huko, mwanangu?" akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kisha akaninyooshea mkono nimshike.

Wewe unayesoma hapa, kama una mzazi anayetembea taratibu, tembea naye. Picha ziache, wenzako waache watangulie. Usije ukafika mahali nilipo mimi, ambapo mtu ameshakusamehe na haisaidii kitu.