Mgeni wa Wakati wa Kula

"Mama Ustawi, mbona kila ukija ni wakati wa kula?" Warda alimwuliza siku moja, mama yake akamfinya. Mwanamke huyo wa ustawi wa jamii, aliyemrudisha Nurdini, kaka yake Warda, nyumbani Nyamisati kutoka soba, nyumba ya waraibu alikokwenda kuacha unga wa kulevya, alicheka kicheko cha kumtimua kuku anayeatamia. Kila Alhamisi alifika na faili lake, akalikalia mkekani kama kigoda, akanawa mpaka viwikoni.

Mara ya kwanza alikuta wali wa Nurdini umetengwa kwenye sahani ya maua, na wenzake wamezunguka sinia. Nurdini alikula kimya kama mtu anayetaka kuaga, Warda akaogopa kwamba atatoroka akarudie unga. Mama Ustawi aliichukua sahani, akaimimina kwenye sinia, akamsukuma Nurdini kwa bega: "Haya, gombanieni!"

Baadaye akaacha kuja. Miaka mitatu ikapita, Warda akamkuta stendi ya Kibiti, akamwuliza tena.

"Nilikuwa naangalia sahani, mwanangu. Siku ile mliponyang'anyana kichwa cha samaki, ukamwita kaka yako mlafi, nikasema alhamdulillahi, huyu sasa kafika kwao."