Mkoa wa Miaka Mitano

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, bibi niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake katika kitongoji cha Auderghem aliinua mkono wa kulia, akasema sentensi moja kwa sauti ndogo, akangoja. Sikumwelewa. Baada ya muda mfupi alikuwa amejilowesha kitini, analia.

Alikuwa Mkambodia, mjane mwenye miaka sabini na tisa. Kifaransa kilikuwa kimemtoka mwaka ule wa 2015 pamoja na mengi mengine. Binti yake, ambaye waliishi pamoja, alizungumza naye kwa Kikhmer, lugha yao.

"Hicho si Kikhmer," binti aliniambia nilipomuuliza kuhusu sentensi ile. "Ni ugonjwa unaosema. Nimechoka, Monsieur. Kila siku kufua mashuka!"

Alikuwa ameshalipia chumba katika makao ya wazee. Mwisho wa mwezi mama angehamia huko, kwenye upande ambao milango hufungwa kwa ufunguo.

Mimi sikuridhika. Sentensi ilikuwa ileile kila mara, na kila mara mkono uliinuka kwanza. Kwa idhini ya binti, niliirekodi kwenye simu.

Jumamosi nilikwenda kununua mchele barabara ya Chaussée de Wavre, kwa mama mmoja Mthai ambaye wateja wake wengi ni sisi Wakongo. Nilimsikilizisha.

"Tonton, umeoa kwetu kimyakimya?" alicheka. Akasikiliza tena, kicheko kikakatika. "Huyu ni mtoto wa shule. Anasema kwa Kithai: Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni."

"Ni bibi kizee."

"Sasa si umpe ruhusa! Sema *pai dai*, unaweza kwenda."

Alinitaka nirudie tena na tena mbele ya wateja, akidai natamka kama mtu anayefukuza mbuzi.

Jioni ile nilisoma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Thailand ilitwaa sehemu ya koloni la Wafaransa huko Kambodia, pamoja na Battambang alikozaliwa bibi, ikaifanya mkoa wake. Mkoa huo ulidumu miaka kama mitano, kisha ukarudishwa. Miaka hiyo bibi alikuwa mtoto wa kwenda shule, na mwalimu aliombwa ruhusa kwa Kithai.

Jumatatu mkono uliinuka.

"*Pai dai*," nilisema.

Bibi aliunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa, akanyanyuka mwenyewe. Alitembea akishika ukuta mpaka chooni, akafunga mlango. Binti alikuwa amesimama jikoni na sufuria mkononi.

"Hakuwahi kutuambia," alisema. Kisha, taratibu: "Nifundishe na mimi."

Nilimfundisha, pamoja na matamshi yangu ya kufukuza mbuzi. Siku chache baadaye aliyapigia simu yale makao, akasema mama haendi popote. Wakamjibu kwamba malipo ya chumba hayarudishwi.

"Wabaki nayo," aliniambia, akimchania mama nywele dirishani. Malipo hayo yalikuwa euro mia saba na hamsini.