Tufe la Mama Kamba

Siku Bwana Funguo alipomtia machoni kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alikuwa juu ya meza ya maabara, viatu kavivua, ncha ya kamba kaibana kwa meno, anajinyoosha kuifikia kulabu ya darini. Bwana Funguo, mtunza maabara ya fizikia pale chuoni, alikwama mlangoni na ndoo yake ya maji kama aliyeingia chumba cha watu.

"Kaka, usinitumbulie macho," akasema. "Shika meza, isije ikanimwaga."

Akaishika. Alikuwa mtu wa haya, mwenye elimu ya msingi tu, na hata salamu za wahadhiri alizijibu akitazama sakafu. Tena asubuhi ileile mkuu wa idara alikuwa amemwonya: maabara ni ya wanafunzi wa sayansi. Wale wa lugha, historia na biashara, ambao chuo kiliwataka nao waonje fizikia kidogo, wapewe ubao na chaki, basi. Sasa mwalimu wao mgeni ndiye huyu, ameingia kwa mlango ambao Bwana Funguo mwenyewe aliuacha wazi alipokwenda kuchota maji.

"Mwalimu, mkuu amekataza."

"Amekataza nini? Kamba?"

"Wanafunzi wako."

"Mwambie umenikuta nimeshapanda. Aje anishushe."

Wanafunzi wakamwita Mama Kamba. Darasani kwake halikujaribiwa jambo kabla kila mtu hajachagua ukuta. Wanaosema litatokea hivi, dirishani. Wanaosema vile, mlangoni. Katikati hapakaliwi. "Na wewe, Bwana Funguo, weka ufagio uchague," alimwambia. Yeye alikwenda palipojaa watu, apate kujificha, na mara nyingi walikosea wote. "Umefuata mkumbo, umekosa na mkumbo!" Mama Kamba alicheka, na yeye akatamani sakafu immeze. Lakini kesho yake alirudi.

Habari zikamfikia mkuu. Akaja kumkabili ukumbini.

"Bibi, vyombo ni vichache. Na fizikia bila hesabu ni mazingaombwe."

"Na hesabu bila macho ni kasuku, mkuu. Njoo uone kipindi kimoja."

"Nitakuja. Nikikuta mchezo, hamtaingia tena."

Akaja kweli, akasimama nyuma, mikono kifuani. Siku hiyo kwenye kamba lilining'inia tufe la chuma lililoazimwa kutoka uwanja wa michezo. Mtu aegemeze kisogo ukutani, alivute tufe hadi liguse kidevu, aliachie. Litakwenda, litarudi. Je, litamvunja? Karibu darasa zima likakimbilia dirishani: litamvunja!

Kijana mmoja wa historia, domo kaya, akajitolea. "Nikifa, mwambieni dada yangu simu yangu asiiguse!"

Lakini tufe lilipogusa kidevu, woga ukamwingia, na badala ya kuliachia akalisukuma kwa kiganja, kama anayemfukuza mbwa. Tufe likaenda, likarudi, likamchana mdomo.

"Basi," akasema mkuu. "Bwana Funguo, lete ufunguo."

Mama Kamba alimpa kijana leso, kisha akaligeukia darasa kana kwamba hajasikia. "Limempiga kwa nini?"

"Amelisukuma!"

"Angeliachia tu?"

Msichana wa biashara akajibu polepole, "Lisingekuwa na nguvu ya kupita pale lilipotoka."

"Haya. Nani atasimama atuonyeshe?"

Damu iliyodondoka sakafuni ilikuwa imekula ushujaa wote. Mama Kamba akaanza kwenda ukutani mwenyewe.

"Wewe hapana," mkuu akamzuia. "Wewe umezoea. Kama wamekuelewa, asimame mmoja wao. La sivyo, tufunge."

Bwana Funguo aliutazama ufunguo mkononi mwake. Akautumbukiza mfukoni, akaenda ukutani.

"Mkuu, nitakupa nikimaliza."

"Wewe si mwanafunzi!"

"Nimechagua ukuta kila kipindi, mkuu." Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Aliegemeza kisogo ukutani. Alivuta tufe hadi kidevuni, akafumba macho.

"Fumbua!" Mama Kamba akafoka. "Ukifumba hiyo ni ramli, si fizikia."

Akafumbua, akaliachia. Kamba ikalia kwenye kulabu. Tufe likaenda mbali, likageuka, likaja likikua machoni kama jungu, na mwili wake wote ukamwambia kimbia. Hakukimbia. Likasita karibu na kidevu, akahisi ubaridi wake, kisha likaondoka.

Darasa likalipuka. "Damu nimetoa mimi, sifa anachukua yeye!" akalalamika kijana wa historia ndani ya leso.

Mkuu alitazama kulabu, akamtazama Bwana Funguo. "Muhula mmoja," akasema. "Mmoja tu. Na huyo apelekwe zahanati."

"Tutaanza na huo," Mama Kamba akajibu.

Muhula ukazaa muhula, hadi akahamishiwa chuo kingine. Siku ya kuondoka, Bwana Funguo alimbebea sanduku mpaka getini. Hapo ndipo alipopata ulimi wa kumwambia kwamba dari itapakwa rangi, na mafundi wameagizwa kuing'oa kulabu.

Mama Kamba akalipokea sanduku lake. "Wakija na ngazi, usibishane nao, kaka. Waambie kwanza wasimame ukutani."