Vile vimaandazi vya Kijapani nilivyopeleka kwenye hitma ya baba

Wakuu, habari za humu ndani.

Hii sijamsimulia mtu nje ya nyumba yetu. Naileta kama ilivyotokea, na nikiikumbuka bado natoka jasho.

Mimi ni Mpemba, naishi Queensbury, London, na mama yangu. Kazi yangu ni kutengeneza vitamutamu vya Kijapani kwenye jiko dogo la mama mmoja wa Kijapani pale Harrow. Tumwite Haruko.

Najua mtacheka. Hata mie nilicheka nilipoona maharage yanapikwa kwa sukari. Unayachemsha, unayaponda, unayachuja, unayakoroga motoni mpaka mkono unakufa ganzi. Kisha unafinyanga ua dogo kwa kijiti cha mbao. Nikaipenda kazi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikosesha raha.

Mara mbili kwa mwezi Haruko anaalika wateja, anawapa vitamutamu pamoja na sake, ile pombe yao ya mchele. Sake nyepesi anaipa maua ya maharage meupe, ile nzito inaenda na vya ufuta. Ana maelezo marefu mno.

Tulikubaliana toka siku ya interview: mie natengeneza tu. Simimini, sionji.

Mama alijua habari za vitamutamu. Habari za sake sikumwambia. Niliogopa.

Sasa basi. Ijumaa, siku moja kabla ya hitma ya marehemu baba, nilikuta kwenye friji ya kazini boksi la vimaandazi vyeupe, laini, vya mvuke. Haruko alivitengeneza siku yangu ya off. Akaniambia, "Chukua, mpelekee mama." Nikachukua, sikuuliza kitu. Jioni nikampa mama, akasema vitawafaa wageni wa hitma.

Jumamosi nilikuwa na shift fupi asubuhi. Ninaosha sinia, Haruko akaniuliza, "Mama alivipenda vile vyeupe? Harufu ya sake haikumkera?"

"Harufu ya nini?"

"Sake. Unga wake nauumua kwa machicha ya sake, yale mabaki ya mchele ikishakamuliwa pombe. Vilikuwa vya wageni wangu, vikabaki."

Wakuu, sinia niliiacha humohumo majini.

Naye aliniangalia usoni, akaziba mdomo kwa mkono. Alijua sinywi. Hakuwaza kwamba na kula ni vilevile.

Nilipiga simu ya mama, haipokelewi. Tena. Tena. Nikakumbuka, wanasoma Kurani, simu zote ziko silent. Nikatuma WhatsApp: MAMA MSILE VILE VYEUPE. Tiki moja.

Nikatoka na apron yangu. Nikapanda treni ya Metropolitan mpaka Wembley Park, nikabadilisha ya Jubilee. Treni ikasimama katikati ya njia, eti signal. Nilisoma kila dua ninayoijua, na kila dua nilijiona sina uso wa kuiomba.

Nafika nyumbani, mlango uko wazi, viatu vimejaa. Ndani wako kwenye dua ya mwisho. Huwezi kukatiza dua. Nimesimama mlangoni, nakiona kisahani cha vile vyeupe kati ya visheti na buli la kahawa.

Wakasema amin. Bi Zuwena, mkubwa wa wageni wote, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye vyeupe.

"Bi Zuwena, usile!"

Wote wakanigeukia. Nikasema yote, mbele ya watu: sake, machicha, kazi yangu ilivyo.

 Mama akauliza polepole, "Mie nimekula viwili asubuhi na chai. Ulijua?"

"Wallahi mama, sikujua."

"Hitma ya baba yako, Hamadi."

Akanyanyuka kwenda kusukutua mdomo. Bi Zuwena akanikabidhi kile kisahani. "Hakujua aliyeleta, hakujua aliyekula. Kitoe, utuletee halwa."

Wageni walipoondoka mama aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanikaa kifuani: "Ungenyamaza nisingejua maisha yangu yote. Kwa nini hukunyamaza?"

 

Haruko aliomba radhi sana, siku hizi kila boksi lina karatasi ya vilivyomo. Kazini bado nipo. Sheikh alituambia asiyejua hana dhambi. Lakini mama, nikimletea kitu kutoka kazini, anapokea, anashukuru, anakiweka juu ya friji. Hakili.

Somo langu: uliza kilichomo kabla hujakibeba kwenda nacho kwa mtu. Na kazi yako waambie wa nyumbani yote, siyo nusu. Ile nusu niliyoificha ndiyo iliyonivua nguo mbele ya wageni.

Nyie mngekuwa mie pale mlangoni, mngesema mbele ya wote, au mngekiondoa kisahani kimyakimya? Nambieni ukweli, hata kama utaniuma.