Matokeo ya Kituo Chetu

Kila Waholanzi wanapopiga kura, mimi huomba zamu ya asubuhi. Wenzangu wodini wameshanizoea, wanajua jioni ile sipatikani hata kwa dawa. Ikitimia saa mbili usiku hapa Woolwich, kule ni saa tatu na vituo vinafungwa, basi nimeshajikunja kwenye kochi la mama, simu mkononi, ramani iko wazi. Safari hii binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha kila siku, nchi ile inatuhusu nini na sisi tunaishi London. Nilimwambia aniletee chai.

Wewe nitakwambia, maana najua utanisikiliza. Waziri mkuu wao hanishughulishi. Nangoja kituo kimoja tu kati ya vyote, cha kijiji nilichokulia, kule kaskazini mashariki kwenye mashamba ya viazi. Tulifika pale nikiwa na miaka minane, hatuna kitu, na watu wa pale walitupokea. Kila uchaguzi nataka kujua kama bado wangetupokea. Ndiyo hivyo, ni upuuzi wa mtu mzima, lakini moyo wangu uko pale.

Ramani yenyewe hujaa rangi kidogo kidogo. Mwanzo huja visiwa vidogo, kwa kuwa watu wao ni wachache na wanashindana nani atamaliza kuhesabu kwanza. Kisha vijiji vya wacha Mungu, wale wasiofua nguo Jumapili, ambao chama chao cha kanisa hawakiachi hata ardhi ipasuke. Miji mikubwa yenye vyuo hujivuta, huja mwisho na rangi yake ya kisomi. Na kwetu, enzi zile, kulikuwa na rangi moja tu, ya watu wa viwanda na vibarua wa mashamba, kijiji baada ya kijiji. Baba aliijua ramani ile kuliko Mholanzi. Angekuamsha usingizini akwambie mpaka wa wilaya gani umebadilika.

Alikuwa na sababu. Tuliondoka Pemba kwa ajili ya uchaguzi. Baba alikuwa wakala wa chama, kazi yake kukaa kituoni na kulitazama sanduku. Mwaka mmoja sanduku lilipakiwa garini, naye akaambiwa hakuna nafasi ya kukaa. Yaliyofuata hayakusimuliwa mbele ya watoto. Ninachokumbuka ni mama akijaza maji madumu yote, akiweka akiba ya mchele ndani ya nyumba, akikomea milango, na sisi tukilazwa mvunguni. Kwangu neno uchaguzi lilikuwa na harufu ya vumbi la chini ya kitanda.

Sasa pale kijijini jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama mrefu wa mifupa mikubwa, binti wa mtu wa kiwanda cha wanga wa viazi. Yeye ndiye aliyetufundisha kuwasha jiko, kutenga taka, na kutovua viatu kwenye nyumba ambazo hawavui. Siku za kura aliongoza kituo, kwa hiyo baba akampa cheo cha mwaka mzima: Bi Mwenyekiti. Hakujua maana yake mpaka nilipomfasiria, akacheka hadi akashika meza.

Uchaguzi wa kwanza tulioukuta, alikuja mlangoni akamwambia baba kwamba sheria yao inamruhusu yeyote kuingia kutazama kura zikihesabiwa, awe raia asiwe. Baba alivaa koti lake la harusi. Mama alikataa kutoka, akaweka mchele ndani. Mimi nikafuata kwa kuwa ndiye niliyekijua Kiholanzi.

Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa skuli yetu. Kulinuka raba na soksi, na juu yake supu ya njegere. Waliipika sufuria kubwa, nzito kijiko kinasimama, yenye nyama ya nguruwe, na kando Bi Mwenyekiti aliweka kisufuria kidogo alichokipika mwenyewe kwake, hakina nyama, akaweka na karatasi juu yenye jina la baba. Kisha wakaligeuza pipa la kura mezani. Karatasi zao ni kubwa kama kitambaa cha meza, zimepakwa duara moja kwa penseli nyekundu, na kila moja ilibidi ifunguliwe na kunyooshwa kwa kiganja. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mmoja wa wahesabuji. Hakuna aliyepiga kelele. Ilisikika karatasi tu, na mtu akipuliza supu.

Baba hakukaa. Alisimama muda wote mikono nyuma. Mwishoni hesabu zikasomwa kwa sauti, kura zikafungwa kwenye mifuko na kutiwa lakiri, na Bi Mwenyekiti na mwenzake wakaipakia mifuko ile kwenye buti la gari lake dogo, waipeleke manispaa. Nikamwona baba anabadilika uso. Alichukua baiskeli, akaniweka kwenye keria, akalifukuza gari.

Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, barabara imenyooka, giza pande zote, na mbele yetu taa mbili nyekundu. Nilimsikia baba anahema na kusoma dua. Ikawa gari linapunguza mwendo. Bi Mwenyekiti alikuwa ametuona kwenye kioo. Angeweza kusimama akacheka, na kesho kijiji kizima kingekuwa na hadithi. Aliendesha pole pole njia nzima, kilomita sita, ili baba asizipoteze zile taa. Walipofika hakufungua buti. Alisubiri baba ashuke, aweke stendi, asogee, ndipo akafungua. Baba alimwambia mama kwamba machozi yale ni ya upepo.

Tangu siku ile mama hakuweka tena mchele ndani.

Tulihamia London nilipokuwa kigori, kwa ajili ya ndugu, msikiti, na watu wa kuongea nao. Baba aliondoka kwa shingo upande. Bi Mwenyekiti akamwahidi kwamba kila uchaguzi atampigia kumsomea hesabu za kituo kabla hazijafika kwenye televisheni, na hakuwahi kukosa. Baba alikaa na daftari, anaandika chama kwa chama, anamrudishia kila namba kuhakikisha. Alipofariki, Bi Mwenyekiti alivuka na meli, amevaa mtandio aliopewa na mama, akakaa nasi siku tatu anaosha vyombo. Uchaguzi uliofuata alinipigia mimi.

Sasa skuli ile wameifunga, watoto hawatoshi. Basi linapita mara mbili kwa siku, daktari hayupo, na kura zinapigwa kwenye kantini ya klabu ya mpira. Yote hayo alikuwa akinihadithia, na mimi namjibu pole, pole, huku nafikiria zamu yangu. Nje ya kijiji pana kambi mpya ya wakimbizi. Kuna chama kinachosema watu hao warudishwe walikotoka, na misikiti ifungwe. Wiki iliyopita niliitazama ramani ikigeuka rangi ya chama hicho, wilaya baada ya wilaya, ikielekea kwetu. Simu ikalia.

Aliuliza hali, akamuulizia mama, akaanza kusoma. Sauti yake imezeeka lakini bado ni ya mwenyekiti. Nikaandika. Alipofika kwenye chama kile akataja namba, kubwa kupita zote, nami nikamrudishia.

"Na moja humo ni yangu," akasema.

Kalamu ilibaki mkononi.

"Ningeweza kukaa kimya, kura ni siri. Lakini siwezi kukusomea hesabu nikajifanya simo."

"Na sisi?" nikamuuliza.

"Si nyinyi!" akasema upesi. "Nyinyi ni watu wangu. Nyinyi si hao."

Nilitaka kumwambia hao ndio sisi. Kwamba baba alishuka kwenye basi la wakimbizi kama linalowaleta wao, na mfuko wa plastiki, na mimi nimejikojolea. Sikuweza. Naye akavuta pumzi akaendelea na chama kilichofuata, maana hesabu haiachwi katikati, nami nikaandika mpaka mwisho, mpaka kura zilizoharibika. Tukaagana. Aliniita kipenzi chake, kama anavyoniita tangu nina miaka minane.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Keshapiga? Kasemaje?"

"Anakusalimia."

"Mashallah. Mwambie mwezi wa nne nakwenda, aniwekee kile chumba cha nyuma. Mwaka huu nataka kukaa sana."

Mpaka leo mama sijamwambia habari ya kura ile. Baba nilimlilia, na watu wakaja kunipa pole. Skuli yangu nilipoiona pichani imepigiwa mbao madirishani nililia pia, nikajicheka. Bi Mwenyekiti yu hai, ananipenda, na jana kanitumia picha ya maua yaliyochanua uani kwake. Huyu sijui nimlilie vipi.