Kiama Alihesabu Juu ya Mkuyu

Nilimsikia adui wa sinema akihesabu juu ya mti.

Hakukuwa na umeme pale. Hakukuwa na spika. Yalikuwa maji tu kila upande, na mkuyu mmoja uliobaki kichwa.

"Tano. Nne. Tatu."

Bashiru akazima injini ya boti. Akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mrisho. Hiyo si sauti ya Kiama?"

Ilikuwa yenyewe. Na mtu pekee anayeitoa sauti ya Kiama hapa Mohoro ni mimi, nami nilikuwa nimefunga mdomo.

Ngoja nianze mwanzo. Sitaki pole ya mtu. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo mkikuta makosa vumilieni.

Nina banda la video. TV, sabufa, mabenchi, turubai la kuzuia mwanga. Sinema za Kizungu nazitafsiri mwenyewe, maiki mkononi. Kiingereza sijui. Natazama midomo na bunduki, mengine najaza. Watu hawaji kusikia Mzungu kasema nini. Wanakuja kusikia Mrisho kasema nini.

Sinema ananipa Taufiq, mwenye duka la simu kule Ikwiriri. Ananijazia flashi.

"Chukua hii ya anga za juu, kaka Mrisho. Hii utatoa mabenchi nje."

Kweli, nilitoa mabenchi nje.

Ndani yake kulikuwa na adui mmoja mwenye kifua cha chuma na mtambo wa kulipua dunia. Nikamwita Kiama. Sehemu ya kwanza akafa. Ya pili akarudi na mtambo mkubwa zaidi. Ya tatu akaungua mpaka majivu. Ya nne huyo hapo, kabadilishiwa koti tu. Mtambo uleule, kitufe kilekile cha kuuzima, na ile saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Ikifika moja, shujaa anaizima.

Haijawahi kufika sifuri. Hata siku moja.

Wateja walishaijua. "We Mrisho, huyu si tulimzika Ramadhani?"

"Kafufuka. Kwani nyie mlimwekea jiwe zito?"

Ikifika saa ya kuhesabu, banda zima linahesabu na mimi. Watoto wakawa wanahesabu hivyo njiani, hata mwanangu Hafsa, mtoto wa miaka tisa.

Sasa, sauti ya Kiama sikuitunga. Niliiiba.

Ilikuwa ya shemeji yangu Saidy, mume wa dada yangu Subira. Mkulima wa mpunga, koo linakwaruza kama jiwe la kusagia. Akikasirika husema, "Haya, mtanitambua!" Nikachukua koo lake na neno lake, nikampa adui. Watu wakavunjika mbavu. Haukupita mwezi, watoto wakawa wanamwita Saidy Kiama.

Alikuja bandani mara moja tu.

"Shemeji, nirudishie sauti yangu."

"Sauti haina namba ya usajili, shemeji. Umeijuaje kama ni yako?"

Watu wakacheka. Akageuka akaondoka.

Shamba lake liko ng'ambo ya mto, na huko ana dungu, kibanda cha kulindia mpunga kilichoinuliwa juu ya nguzo. Ngazi yake ina vipago saba vya kukanyagia. Kila masika alinipigia simu ileile: "Shemeji, maji yamegusa kipago cha pili, mwambie Bashiru aje na boti." Tunakwenda. Tunakuta maji yameshashuka. Tunarudi tumelowa bure.

Mwaka wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wa tatu hivyo.

Ikawa kama ile sinema.

Masika ya mwaka juzi, Jumatatu, saa tano asubuhi, nilikuwa naonyesha sehemu ya saba. Mvua inapiga bati, banda limejaa. Simu ikaita. Saidy.

Ibilisi akanipitia. Nikafungua spika ya simu, nikaisogeza kwenye maiki.

"Shemeji, maji yamefika kipago cha tano. Mtumbwi wangu umechukuliwa."

Banda likalipuka kwa kicheko. Kwenye TV Kiama kasimama na mtambo wake, na kwenye sabufa Kiama huyohuyo analia maji!

Nikamjibu kwa sauti ya shujaa. "Kiama! Mtambo wako tumeuzoea!"

"Acha utani, Mrisho. Nipo huku na—"

Nikakata simu. Makofi.

Bashiru alikuwa benchi la mbele. Boti yake ilikuwa imefungwa hatua mia tu kutoka pale. Akanyanyuka kidogo.

"Vipi, tukamtazame?"

"Kaa chini," nikamwambia. "Kiama hajafa bado."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu.

Saa nane na nusu Subira akaingia bandani, kalowa chapachapa, katoka Ikwiriri kuuza ufuta. Akasimama mbele ya TV.

"Kaka, mmeshawaleta?"

"Kina nani?"

"Saidy na Hafsa. Saidy alisema maji yakipanda atakupigia."

"Hafsa si nilimwacha kwako?"

"Shule imefungwa kwa mvua, akaomba kwenda kuwinga ndege shambani. Saidy kaondoka naye alfajiri." Akanitazama usoni. "Kaka. Hakupiga?"

Nilikuwa nishatoka mbio, Bashiru nyuma yangu.

Mto haukuwa mto tena. Hukujua shamba liko wapi, njia iko wapi. Yalipita magogo, paa la nyasi, kuku mfu. Nilipiga simu ya Saidy mpaka ya kwangu ikaisha chaji. Pale lilipokuwa dungu hapakuwa na hata nguzo.

Tulizunguka saa mbili nzima. Nikaita mpaka koo likakauka.

Ndipo tukaisikia.

"Tano. Nne. Tatu."

"Saidy!" nikapiga kelele. "Yuko hai! Bashiru, yuko hai!"

Bashiru akapiga kafi taratibu mpaka chini ya mkuyu. Nikainua kichwa.

Hakuwa Saidy.

Alikuwa Hafsa. Kafungwa kwenye tawi kwa msuli wa Saidy, midomo imebadilika rangi. Baridi na kulia vilimkausha koo mpaka likakwaruza kama la Saidy.

"Mbili," akasema. "Moja." Kisha akaanza upya. "Tano."

Nikapanda, nikamfungua. Hakunishika. Aliendelea kuhesabu.

"Hafsa, mjomba yuko wapi?"

"Alikuwa hapo chini yangu, amekumbatia mti. Aliniambia tuhesabu kama Kiama. Tukifika moja tunarudi tano. Akasema, Kiama hajawahi kufika sifuri, kwa hiyo tusifike. Akanyamaza kwenye mbili. Nikasema moja mimi."

Mtu ambaye alichukia sauti ile kuliko kitu chochote. Siku yake ya mwisho aliitumia kumtuliza mwanangu.

Wavuvi wa Maparoni walimpata siku ya tatu. Tukamzika. Subira alinipa mkono mazikoni. Hajanipa tena hadi leo.

Banda bado ninalo. Sauti ya Kiama sijaitoa tena, lakini haijaondoka. Hafsa akishikwa na mafua, inatoka kooni mwake, mezani, akiomba chumvi. Natoka nje nasimama kidogo.

Mwezi uliopita Taufiq alipiga. "Kaka Mrisho, sehemu ya nane imeingia! Kiama karudi, safari hii mtambo mkubwa kama jua."

"Baki nayo," nikasema.

Masika yakianza siku hizi, mimi na Bashiru tunavuka kila tunapoitwa. Mara nyingi tunarudi tumelowa bure. Bashiru ananung'unika, mimi nafunga boti.

Nyie mnaosoma, sikilizeni. Adui anayerudi na silaha ileile msimcheke. Mgeni mtamkimbia. Huyu mliyemzoea ndiye atakayewakuta mmekaa kwenye benchi.

Na mtu akikupigia simu ileile kwa mara ya kumi, mwache amalize.

Lile neno nililomkata Saidy lilikuwa jina la mwanangu.