Maji Niliyoyameza Njiani

Ukungu wa Ufipa una harufu yake. Anayeishi Sumbawanga mjini siku hizi, kati ya moshi wa pikipiki na mafuta ya chipsi, huenda asiamini, lakini mimi niliyezaliwa kwenye miteremko ya upande wa Mwimbi naijua: ni harufu ya majivu yaliyopoa, nyasi zilizolowa na udongo uliofukuliwa jana. Ulikuwa ukishuka kuanzia mwezi wa sita, ulezi ukiwa umekwisha kuvunwa, ukafunika nyumba, ng'ombe na watu, hata mtu akikohoa kando yako usimwone. Sikwenda shule. Ilikuwa mbali, na wakati ule wa Waingereza mtoto wa kike ambaye mikono yake ilihitajika nyumbani hakuulizwa anataka nini. Haya ninayoyasema anayaandika mjukuu wangu Anita, na nimemwagiza asirembeshe hata neno moja.

Anita anatarizi mashuka, na mkono wake ni mzuri. Juzi aliweka sindano chini akalalamika kwamba kichwa chake ni kitupu, maua hayamjii. Nilikuwa nimemtazama tangu asubuhi. Simu ililia na kulia, na kila ilipolia aliitikia. Nikamwambia kwamba kichwa chake si kitupu, kimejaa watu wanaomwita. Kisha nikamwambia achukue daftari, kwa sababu mimi pia niliwahi kuitwa nikiwa kazini, na aliyeniita hakuwa na simu.

Mama yangu alifariki wakati wa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge nchi za pwani, kwa hiyo nilibaki na Bibi, mama yake mama, ambaye alikuwa mfinyanzi. Mwaka ulipotimia ilipasa kuondoa matanga kwa pombe ya ulezi. Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi kwamba pombe ya marehemu mwanamke ipikwe katika chungu kipya kilichofinyangwa na mama yake au binti yake, si mtu mwingine. Pombe hiyo isiponyweka, marehemu hakuhesabiwa kuwa ameondoka; aliendelea kuzungukazunguka nyumba. Lakini mikono ya Bibi ilikuwa ikitetemeka tangu siku ya maziko, wala haikuweza tena kuinua ukuta wa chungu. Nilibaki mimi. Na kazi hiyo ilitakiwa kwisha kabla ya mvua, kwa maana vyungu havichomwi penye unyevu.

Udongo tuliuchimba bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Kabla ya kutoka, mfinyanzi alipiga funda la maji ya mtungi wa nyumbani na kulishika mdomoni safari yote, asimeze wala asiteme. Maji hayo ndiyo yaliyotangulia kugusa udongo nyumbani, kabla haujakandwa. Watu waliokutana na mwanamke mwenye mashavu yaliyojaa walimpisha bila salamu, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Bibi hakuniambia maana yake. Alisema tu kwamba nikijaribu nitajua.

Siku yangu ya kwanza nilishuka peke yangu na kikapu kichwani. Ukungu ulikuwa mzito, nikafuata njia kwa nyayo. Nilichimba, nikajaza, nikaanza kupanda. Nilipofika kwenye mawe matatu makubwa, nyuma yangu sauti iliita, "Sabinaa." Ilivuta herufi ya mwisho na kuishusha, kama mama alivyokuwa akiniita nikichelewa kisimani. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba sikuogopa hata kidogo. Nilimeza maji, nikageuka, nikaitika, "Abee, mama."

Hapakuwa na mtu. Ukungu ulisimama kimya, na mbele kidogo nyasi zilikuwa zimelala kama zilizokanyagwa. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha, kwa kuogopa fimbo ya Bibi, nilipofika kwenye kijito nilipiga funda jingine nikaenda nalo nyumbani, nikalitema juu ya udongo mbele ya macho yake. Alinisogezea udongo nikande.

Chungu cha kwanza kilipasuka kikikauka kivulini. Nikafinyanga cha pili kwa udongo uleule, nacho kikalipuka motoni kwa kishindo kilichowafukuza kuku. Kweli ni kwamba kila nilipokuwa nikikanda nilisikiliza mlango. Sauti ilikuja karibu kila siku, mara nyuma ya ghala, mara kwenye ua, na kila ilipokuja mikono yangu ilisimama, ukuta wa chungu ukanenepa upande mmoja na kukonda upande wa pili. Mama mdogo, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alikuja akatazama vigae akacheka. "Basi tumpikie dada kwenye debe la mafuta ya taa," alisema. "Atakwenda zake akinuka taa, lakini atakwenda."

Alipoondoka, Bibi aliokota kigae cha kile chungu cha kwanza, kilichokuwa bado kibichi. Akakilamba, akatema.

"Haya ni maji ya kijito," alisema. "Ya mtungini uliyapeleka wapi?"

"Niliyameza."

"Nani alikuita?"

Nilisema ni mama. Nilingoja fimbo, lakini Bibi alikaa chini pale penye majivu, akanyoosha mikono yake mbele yangu ikitetemeka.

"Ananiita hata mimi," alisema. "Au ulidhani huu ni uzee?"

Ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwa nimelijua mpaka lilipotoka kinywani: kwamba nilifurahi vyungu vilipopasuka. Chungu kikipona, pombe itapikwa. Pombe ikinyweka, mama ataondoka, na sitaitwa tena na mtu yeyote kwa namna ile. Bibi hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema kwamba mtu anayeita na asiweze kuondoka amechoka kuliko anayeitwa. Akaniagiza nisizibe masikio. "Mwache aite. Wewe shika maji yako."

Kesho yake nilishuka tena. Sauti haikungoja mawe matatu. Ilinikuta bondeni nimeinama shimoni, na ilikuwa karibu mno, karibu na kisogo, hata nilihisi baridi yake shingoni. "Sabinaa." Machozi yalinitoka lakini mdomo ulibaki umefumba. Maji yalikuwa yamepata joto la mwili wangu. Nilitembea, nayo ikatembea, ikiita kila baada ya hatua chache. Nilipanda mlima wote huku nikiwaza jambo moja tu, funda lile lisipotee, na nilipolitema juu ya udongo wa nyumbani niligundua kwamba tayari nilikuwa nakijua chungu kitakavyokuwa. Sikukibuni. Kilikuja nikiwa nimenyamaza.

Nilikifinyanga siku mbili. Sauti ilikaa mlangoni siku zote mbili, nami niliisikia yote, lakini mikono haikusimama tena. Shingo ya chungu ilitoka ndefu kuliko za Bibi, imeinama kidogo kama ya mtu anayetega sikio. Nilipokwangua ukuta kwa kipande cha kibuyu na kuulainisha kwa gunzi la muhindi, hapakuwa na unene uliozidi popote. Tuliposubiri kikauke, mawingu yalianza kujikusanya upande wa ziwa. Tulikichoma siku ya mwisho yenye jua. Kilipopoa Bibi alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri, na mlio wake ulipoisha kule mwisho ulivutika na kushuka. Tulitazamana.

Pombe ilipikwa, watu wakanywa, mama mdogo akanywa kuliko wote na kulia kuliko wote. Mikono ya Bibi ilitulia juma lilelile. Mimi sikuitwa tena. Nimefinyanga vyungu maisha yangu yote, mpaka sufuria za madukani zilipovifukuza jikoni, na kila asubuhi ya ukungu nilitega sikio, bure.

Leo mfinyanzi wa aina yangu hahitajiki. Hakuna anayeshuka bondeni, na aliyefumba mdomo njiani ataulizwa kama anaumwa jino. Simsemi vibaya Anita. Sauti zinazomwita ni nyingi kuliko iliyoniita mimi, na hakuna hata moja itakayoondolewa matanga ikatulia. Tangu tuanze maneno haya simu yake iko ndani ya kile chungu cha shingo ndefu, pale kona. Leo imelia ndani mara mbili. Hakuinuka, na nimeona pembeni mwa daftari amechora ua ambalo sijapata kuliona.

Ukungu wa mwezi huu umeshuka mpaka hapa Chanji, mjini Sumbawanga. Siku mbili sasa, nikiwa nimeketi kizingitini, naitwa tena, kwa namna ileile. Sikumwambia Anita kwa sababu angeacha kuandika. Nami sijaitika, kwa sababu kazi hii ilikuwa haijaisha. Sasa imeisha. Weka kalamu, mjukuu wangu. Nina neno moja la kujibu, na hilo usiliandike.